Pumzi ya Fundi Cherehani

Usiniulize fundi cherehani aliupata wapi wazimu wa kupanda farasi. Kila mtu ana lake. La kwake lilikuwa Kiberiti, farasi mwekundu asiyekubali kutembea penye nafasi ya kukimbia. Alikuwa keshamwangusha mara moja, na mume wa fundi akasema, "Akikutoka mbio tena, namuuza." Kisha, kwa kuwa moyo haukumruhusu kutazama, akamtuma dada yake akashuhudie. Lo! Katika watu wote, wifi!

Jumamosi hiyo mwalimu wa kupanda farasi alipanga mazoezi mepesi: kutembea kwa duara pana, kupindapinda kama nyoka, halafu kusimama. Mepesi kwa nani? Lakini lisilo budi hutendwa. Fundi akapanda, akabana midomo, akabana magoti, akazuia pumzi, vilevile afanyavyo akikata kitambaa cha watu. Kiberiti kuhisi kabanwa, akaanza kuchapua miguu.

"Pumua!" mwalimu akapiga kelele.

Apumue vipi, na kinywa kimezoea kushika pini?

Wifi, kaegemea ua, akaona hapo ndipo pa kutolea dukuduku lake. "Na lile gauni langu, wifi! Linanibana kwapani, hata mkono sinyanyui!"

"Linakubana?" Fundi akasahau farasi. "Si wewe uliyesema nilibane upendeze?"

"Nipendeze, sio nife!"

Basi wakapokezana. Kabla hajamaliza kujibu hili, wifi kashatupa lile, na maneno hayatoki bila pumzi. Magoti yakalegea yenyewe. Kiberiti akashusha shingo, akazunguka polepole, sikio moja nyuma akifuatilia umbea. Akapinda huku, akapinda kule.

"Na ukome!" fundi akahitimisha, akajiweka sawa kwenye tandiko, akashusha pumzi ndefu. Farasi akasimama tuli.

Mwalimu akapiga makofi. Hapo ndipo fundi alipotambua kuwa amemaliza mazoezi yote, machozi ya furaha yakamlengalenga.

Wifi akampigia simu kaka yake. "Farasi hauzwi," akasema, akakata.

Fundi aliruka chini akamkumbatia. "Wifi yangu wee! Kesho lilete hilo gauni nikulegezee kwapani."

"Thubutu!" wifi akajitoa mikononi mwake. "Liache hivyohivyo. Jumamosi ijayo tutagombania nini?"