Philomena Apiga Marufuku Utani

Tangu Mihayo arudi kutoka kumzika mdogo wake, mashine ya kukoboa mpunga ya Tahera Mohamedali, pale Kagongwa, ilikuwa na adabu kuliko kanisa. Wapakizi walibeba magunia kimya. Kina mama wa kupepeta mchele walinong'ona. Hata redio ya mlinzi ilizimwa. Adabu yote hiyo ililetwa na mtu mmoja, Philomena, msimamizi wa kazi, ambaye wote walimwita Mama Noela, Msumbwa wa makamo kutoka Ushetu mwenye huruma nyingi na subira kidogo.

Huruma yake safari hii ilikuwa imeongezewa semina. Tahera, bosi wake, alimpeleka Kahama akasikilize habari za afya ya akili kazini. Philomena alisikiliza vizuri sana mpaka chakula cha mchana. Baada ya pilau, mengine aliyasikia kwa mbali. Alichorudi nacho ni kwamba mtu mwenye majonzi asibughudhiwe, na mwenye majonzi alikuwapo: Mwigulu, mdogo wake Mihayo, alikuwa amefukiwa na duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, huko Geita. Basi Philomena akaingia kazini siku hiyohiyo.

Alimpumzisha Mihayo asiendeshe mashine, akaiendesha yeye mwenyewe. Akamwekea benchi kando ya stoo, kivulini, akaliita benchi la utulivu. Kisha akawakusanya wengine wote na kuwatangazia kwamba ni marufuku kumtania Mihayo, kumchekea, wala kucheka karibu naye. Ambaye hatasikia ataonana na yeye. Hakuna aliyetaka kuonana na yeye.

Sasa, kupiga marufuku utani mahali kama pale ni sawa na kukata umeme. Wasukuma na Wagogo wamekuwa watani tangu enzi za mababu, na pale kazini kulikuwa na Mgogo mmoja, Chilongani, dereva wa lori la mchele. Chilongani hakuweza kuianza asubuhi bila kumwambia Mihayo kwamba Wasukuma wanalala chumba kimoja na ng'ombe, na ng'ombe ndio wanaolalamikia harufu. Mihayo naye angemjibu kwamba Wagogo wamekula mlenda mpaka akili zao zinateleza. Hapo ndipo mashine inawashwa. Lakini msiba ulitokea Chilongani akiwa likizo kwao Bahi, akimuuguza mama yake.

Mihayo alilikalia lile benchi kwa utii, na jinsi alivyolikalia ndivyo alivyokonda. Mchana akisogea kwenye ugali, mazungumzo yanakatika. Anapishwa nafasi, anasogezewa nyama kubwa kuliko zote, halafu wote wanamtazama akitafuna. Mwisho akaacha kusogea.

Jumatano moja alimfuata Philomena kwenye mashine.

"Shikamoo, Mama Noela."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuaga. Nipo mpaka Jumamosi, kisha naenda Geita."

"Geita kufanya nini?"

"Kuchimba. Kwenye lile duara la Mwigulu wamefungua upya. Nataka nishike sururu pale alipoishia yeye."

Philomena akazima mashine.

"Mihayo, kuna nani amekuudhi hapa?"

"Hakuna. Hakuna hata anayeongea na mimi, ataniudhi vipi?" Alitazama chini. "Naona kama siku ile mlinizika na mimi. Sasa mtu aliyezikwa anafanya nini kwenye benchi?"

Philomena alikwenda ofisini kwa bosi karibu anakimbia, akaeleza kila kitu, benchi, marufuku na lile duara. Tahera, aliyezaliwa na kukulia palepale Kagongwa na kulirithi duka na mashine kwa baba yake, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Huko Kahama," akauliza, "walisema mtu kama huyu aachwe peke yake, au asiachwe peke yake?"

Philomena alifikiri. Alifikiri tena.

"Nadhani hiyo sehemu ilikuwa baada ya pilau, bosi."

Tahera aliuma midomo asicheke. Akamwita Mihayo, akamwambia kwamba nafasi yake kwenye mashine ipo, Philomena anamshikia tu. Akamwambia pia kuwa Kolandoto, pale hospitali, kuna muuguzi anayefahamiana naye, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza watu waliolemewa, na kwamba siku ya kwenda huko italipwa kama siku ya kazi. Mihayo alishukuru kwa heshima zote.

"Wabeja, bosi. Lakini mimi si mwehu."

Akarudi kwenye benchi. Philomena hakula siku hiyo. Alijilaumu, akamlaumu mpishi wa semina, akarudi kujilaumu.

Ijumaa lori likaingia. Chilongani alikuwa amerudi kutoka Bahi, na habari za marufuku alikuwa amezipata kwa simu. Alishuka, akavua kofia, akamwendea Mihayo pale kwenye benchi huku kazi yote imesimama. Akampa mkono.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Mungu akutie nguvu."

Basi. Hakuongeza neno. Na Philomena, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, aliuona uso wa Mihayo ukianguka. Alikuwa amemngoja mtani wake msiba mzima, na sasa hata yeye amekuja kumpa mkono kama mjumbe wa serikali.

Hapo Philomena akaelewa.

"We Mgogo," aliita, "ndivyo kwenu watani wanavyohani msiba?"

Chilongani akageuka taratibu. "Mama Noela, si ulipiga marufuku?"

"Nimeifuta."

Chilongani akaweka kofia kichwani, akavuta pumzi, akaanza. Alitaka kujua nani aliwaruhusu kumzika Mwigulu bila mtani kuwapo. Akasema kaburi lile si halali, na yeye haondoki mpaka apewe dume la ng'ombe, na kwa kuwa Msukuma ni bahili, ataletewa la udongo. Kisha akachukua miwani ya jua ya mlinzi, akaivaa, akaanza kutembea uani kama Mwigulu alivyokuwa akitembea kila alipokuja pale kumsalimia kaka yake: bega moja juu, simu sikioni, anaongea na tajiri ambaye hayupo. "Kilo ngapi, bosi? Dhahabu? Ah, hiyo kidogo, mpe kaka yangu anunulie sabuni."

Mama mmoja wa kupepeta akaguna. Mwingine akaangusha ungo. Mihayo aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika, na kila mtu akaogopa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, kisha kicheko kikageuka kilio, kilio cha sauti ambacho hakuna aliyekisikia hata makaburini. Chilongani akavua miwani, akakaa naye kwenye benchi, akamshika bega na kuendelea kumtukana polepole huku naye analia.

"Silali," Mihayo alisema alipopata sauti. "Nikifumba macho, namwona mle shimoni."

"Hilo mimi siliwezi," alisema Chilongani. "Mimi naweza matusi tu. Panda lori, twende kwa yule muuguzi wa bosi. Nitakuongoza, maana Msukuma ukimwacha njiani anafuata ng'ombe."

Mihayo akapanda. Jumamosi ilipita, hakwenda Geita. Alikwenda Kolandoto tena, na tena, na Tahera akamlipa siku zote hizo bila kuulizwa. Benchi lilihamishiwa kwenye ugali, likakaliwa na kila mtu.

Halafu asubuhi moja, Philomena akiwa juu ya mashine anahangaika na mpunga, Mihayo alikuja akachota mchele unaotoka, akaumwaga kiganjani, akautazama kwa huzuni kubwa.

"Mama Noela, huu ni mchele au chakula cha kuku? Punje zote umezivunja. Wasumbwa nani aliwaambia mnajua mashine? Shuka hapo, usituharibie jina."

Wapakizi walisimama na magunia mabegani kumtazama Philomena. Katika maisha yake yote hakuwahi kufukuzwa mahali akashuka haraka vile.