Rekodi ya Hulu

Ratri alizaliwa kijiji cha wachimba mchanga, chini ya mlima wa moto, na kaka yake Giyanto bado alikuwa anashuka mtoni na beleshi kila siku. Ratri mwenyewe alikuwa mjini Yogyakarta, Indonesia, akihifadhi tovuti za watu kwenye seva. Ushirika wa wachimbaji ulipotaka kuhamia kwake, alifurahi. Watu wa kwao, bwana!

Kuhamisha tovuti si kazi. Kazi ni rekodi za domeni, zile zinazoieleza mitambo kwamba jina fulani likiulizwa, iende kwenye mashine gani. Ya tovuti aliikuta, ya barua pepe aliikuta. Ikabaki moja iliyoitwa "hulu", yaani mto unakotokea, nayo ilielekea kwenye namba asiyoijua. Akampigia mwenyekiti, mzee waliyemwita Pak kwa heshima.

"Pak Warsito, hii hulu ni ya nini?"

"Aa, mambo ya marehemu Sarju hayo. Alikuwa haishi kuungaunga vitu. Fagia tu, dada."

"Isije ikawa ya king'ora?"

King'ora ndicho kilichokuwa kikiwatoa watu mtoni. Kule mlimani mvua inanyesha, huku chini jua linawaka, na matope na mawe yako njiani yanakuja. Kipimo cha mvua kilikuwa juu, king'ora kijijini, na Sarju aliyeviunganisha alikufa bila kumwonyesha mtu.

"Basi iondoe, halafu tujaribu," akasema mzee. "Kikilia, ujue si yake."

Ratri akaifuta. Pak Warsito akamtuma mtu na pikipiki akakimwagie kipimo ndoo ya maji. King'ora kikalia mpaka simu ikakwaruza. Giyanto akampokonya mzee simu.

"We mtoto, umetukimbiza bure! Nimepanda ukingo na beleshi begani kama mwizi wa kuku!"

Wakacheka wote.

Jamani, na Ratri alikuwa anajua! Hapo ndipo panapouma. Yeye mwenyewe humwambia kila mteja: rekodi ikifutwa leo, jibu la zamani hubaki kwenye kumbukumbu za mitambo ya njiani mpaka muda wake uishe. Kipimo kilikuwa bado kinafuata jibu la zamani. Alitakiwa asubiri, ajaribu tena. Lakini king'ora kimelia, kaka amecheka, na mteja mwingine anapiga simu anafoka. Akapitiwa.

Kesho yake alasiri mvua ikapiga mlimani. Kijijini jua kali, king'ora kimya.

Aliyepiga simu ni mama yake. "Mto umekuja, mwanangu. Hatukusikia kitu. Giyanto hajaonekana."

Ratri akairudisha rekodi ya hulu, akakosea namba, akafuta, akaandika upya. Alijua kwamba kurudi nako huchukua muda. Akafunga kompyuta, akaenda kwao.

Asubuhi Giyanto akapatikana. Walimlaza ukingoni, matope yamemjaa mdomoni, na mama akawa anayatoa kwa kidole, taratibu, kama anamlisha. Watu wamesimama pembeni. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu.

King'ora kikalia.

Watu wakatimua mbio. Waliokuwa wamefunga machela wakaitupa. Pak Warsito akaanguka, akainuka, akakimbia na kiatu kimoja. Mama akamshika Ratri mkono, akamvuta kwa nguvu zake zote. "Twende! Kimbia!"

Ratri hakujongea. Kipimo kilikuwa kimeshika ujumbe wake tangu jana, kinaurudia na kuurudia, na sasa kilikuwa kimeipata njia aliyoirudisha.

"Hakuna maji, mama. Hilo ni onyo la jana."

Mama akamtazama. "Wewe umejuaje?"

Ratri akamwambia yote, king'ora kikiendelea kulia. Mama akamwachia mkono, akarudi kukaa karibu na mwanawe.