Utando Kinywani mwa Mfaume

Mwanamina alijua wamekuja kumnyang'anya mtoto kabla hata hawajakaa. Shemeji yake Shaabani alibaki mlangoni, macho chini. Mama mkwe wake, Bi Semeni, alipita moja kwa moja hadi kwenye jamvi alikolala Mfaume, akamfungua kinywa kwa kidole.

"Haya, tazama! Ulimi mweupe pepepe, na titi halitaki. Utakataa tena?"

"Nikatae nini, mkwe?"

"Kwamba umembemenda mtoto! Umelala na mume mtoto angali kifuani, ndiyo maana kaharibika. Na mume mwenyewe keshakunywa maji ya vita, keshakatazwa mwanamke! Ukamwita ndani, dawa ikapoa, risasi ya Mdachi ikampata. Mwanangu Mussa umemuua wewe."

Walikuwa wamejificha kwenye mikoko ya delta, katika kibanda cha wachemsha chumvi, tangu askari walipochoma mtama wote wa Kibiti. Waliokuwa wanono sasa mbavu zao zilihesabika. Mwanamina alikuwa amekubali njaa, mbu na matope. Lakini neno hili lilimpanda kichwani kama moto wa makuti.

"Shemeji, hatukuja kugombana," alisema Shaabani. "Maziwa yako yameharibika. Mtoto atakaa na mama, ampe uji wa ming'oko hadi apone."

"Uji wa ming'oko? Mizizi ya porini, na mtoto hana hata jino! Wewe na ndevu zako juzi uliutapika, leo unataka kumlisha huyu? Niambieni tu kwamba mnakwenda kumzika."

Bi Semeni alikuwa amekwisha kumnyanyua mtoto. Mwanamina alimshika mkono.

Mkwe hashikwi. Mkwe hata usoni hatazamwi sana. Shaabani alishtuka akaita, "We!" Lakini Mwanamina hakusikia, kwa kuwa nyuso zao zilikuwa zimekaribiana, na pale mama mkwe alipofumbua kinywa kumlaani, aliuona: utando mweupe, umeganda ndani ya mashavu na juu ya ulimi, kama wa mtoto kabisa.

Kwao Mwanamina, Ngorongo, walikuwa wapika pombe. Tangu utotoni aliujua utando. Kuna ule unaoumua pombe ikachemka bila moto, huo ni rafiki. Kuna ule unaotanda juu ya mtungi uliosahauliwa, ukaichachua pombe hadi haifai. Mama yake alisema tando hizo ni ndugu, na alipouona utando mdomoni mwa mgonjwa aliyedhoofu alisema kwamba na huu ni wa ukoo huohuo, ila huu umechagua kukaa kwa watu. Hakuwa mbali na ukweli. Wataalamu wa leo, wenye hadubini na mti wao wa ukoo wa kuvu, wanaiweka hamira ya pombe na utando wa kinywani kwenye shina moja la kale. Matawi yao yaliachana zamani mno, mmoja akabaki kwenye matunda na mitungi, mwingine akazoea miili yetu, ananyamaza mtu akiwa na nguvu na kutambaa akidhoofika.

Mwanamina hakuyajua ya hadubini. Aliijua njaa.

"Mama," alisema, "na wewe umebemendwa na nani?"

Bi Semeni akaziba kinywa kwa kiganja.

"Usifiche! Shaabani, njoo umtazame mama yako. Mweupe vilevile! Au na yeye alimwita mwanamume ndani? Marehemu baba mkwe katoka kaburini?"

Shaabani alitoa sauti ya ajabu, nusu kicheko nusu kilio, kisha akageukia ukutani.

"Huna adabu," alisema Bi Semeni kupitia vidole.

"Sina! Imekwisha pamoja na mtama! Mussa alikuja usiku ule wa kuamkia kwenda vitani, akakaa pale kizingitini kama mgeni. Nilimpa maji ya kunywa, akaniambia niyaweke chini, vidole vyetu visigusane. Hakumbeba hata mwanawe. Miiko yote aliishika, yote, nami nilimchukia kwa hilo! Na risasi ikamwingia vilevile."

Neno lile hakuna aliyekuwa amelitamka tangu vita vianze. Kama Mwanamina hakukosa, basi dawa ndiyo iliyokosa, na vijana wote wale wa Kibiti waliikimbilia mizinga bila kinga yoyote.

"Usiseme hivyo," Bi Semeni alisema, safari hii kwa kuomba. "Mwanangu, usiseme. Afadhali iwe wewe."

"Najua. Lakini si mimi."

Alimchukua mtoto mikononi mwa bibi yake, wala bibi hakuvutana naye. Akachovya kipande cha kaniki katika maji ya chumvi, akaufuta ulimi mdogo taratibu, Mfaume akipiga mayowe na kurusha miguu. Kisha akamweka kifuani. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalia, akanyonya tena. Hasira ya Mwanamina haikupungua. Ilimtoa machozi tu, nayo aliyaacha yatiririke.

Baada ya muda alichana kipande kingine cha kaniki, akakichovya, akamnyooshea mama mkwe bila kumtazama usoni.

"Shika. Sugua hadi ndani," alisema. "Usimeze."