Soseji ya Duka la Uwanjani

Clotilde alianza kuupanga ubao wa vitafunio saa tatu asubuhi, na wageni walikuwa wa saa sita. Ubao wa kudonoadonoa tu kabla ya chakula, na saa tatu nzima! Lakini wageni wenyewe walikuwa wazazi wa Étienne, mchumba wake, na katika Lyon yote hakuna mama aliyejua kukagua meza kama Bibi Aumont.

Jibini laini aliiweka upande huu, ngumu upande ule, ya mbuzi katikati. Tini akazipasua zikachanua. Nyama nyembamba ya paja la nguruwe akaikunjakunja kama leso. Ikabaki soseji kavu, ile inayowekwa nzima pamoja na kisu, kila mtu ajikatie. Alikuwa ameinunua kwenye duka lenye jina kubwa pale uwanjani, katikati ya mji. Akaionja: chumvi tupu. Basi akafungua kabati, ambamo zilining'inia soseji za baba yake, Mzee Marcellin, mfugaji wa nguruwe kule milimani. Hizo hazikuwa na mpinzani, na Clotilde alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akachukua moja, akailaza ubaoni, fundo la kamba likiwa juu kwa sababu lilipendeza.

Baba mwenyewe alikuwa amealikwa saa kumi, wakati wa kahawa. Mara meza ni ndogo, mara wakwe watakuwa wamechoka: Clotilde alimpa visingizio chungu nzima. Ukweli ni kwamba baba alikula kwa kisu chake cha mfukoni na kuongea kwa sauti ya kuitia mifugo, na bintiye hakutaka Bibi Aumont ayaone hayo.

Saa sita kasoro dakika chache, kengele ikalia. Alikuwa baba, ndani ya shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Jirani kanipa lifti, mwanangu. Nikasema nije mapema nikusaidie kuosha vyombo."

Nyuma yake, ngazini, wakwe walikuwa wanapanda.

Wakaketi wote watano kuuzunguka ubao. Bibi Aumont akajikatia kipande cha soseji, akatafuna taratibu, akafumba macho.

"Jamani! Clotilde, hii umeitoa wapi?"

Étienne akatabasamu, akamgeukia Mzee Marcellin, akafungua mdomo kusema. Clotilde akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Duka la pale uwanjani, mama."

Lilimtoka tu. Angeweza kulirudisha hapo hapo, akacheka, akasema ametania. Hakulirudisha. Étienne akafunga mdomo, na hakumtazama tena Clotilde mpaka wakati wa kahawa.

"Nilijua!" akasema Bibi Aumont. "Si hizi wanazokuuzia wakulima barabarani, hata hujui kama mtu amenawa mikono!"

Mzee Marcellin alikuwa ameshika kisu, zamu yake imefika. Akaitazama soseji, kisha fundo. Kando ya fundo palikuwa na kitanzi kidogo. Alipokuwa na miaka minne, Clotilde ndiye aliyekuwa akibana kamba pale kwa kidole, baba akivuta, naye akikichomoa dakika ya mwisho huku akicheka. Kidole kilitoka, kitanzi kikabaki. Miaka ishirini na mitano sasa baba anafunga peke yake, na bado anaacha nafasi ya kidole.

"Na wewe, Mzee Marcellin, si unafuga nguruwe?" akauliza Bibi Aumont. "Huko kwenu mnaweza kutengeneza kama hii?"

Uso wa Clotilde ukawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Aa, wapi, mama," akasema baba, kwa sauti ya chini ambayo binti yake hajawahi kuisikia. "Hii imepita mikononi mwa fundi. Sisi tunajaribujaribu tu."

Akajikatia kipande chembamba, akakila kwa uma.

Saa kumi wakwe wakaaga. Mlangoni Bibi Aumont alimbusu Clotilde mashavu yote mawili, akamwita mwanangu kwa mara ya kwanza. Ndicho alichokuwa akikililia mwaka mzima, na sasa alikipokea kama mwizi anayepewa zawadi.

Jikoni, baba alikuwa amekunja mikono ya shati jipya, anaosha vyombo.

"Mkweo ana mdomo yule," akasema, "lakini kuonja anajua."

"Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Amekupenda. Si ndiyo shughuli yenyewe?"

Akaiokota kamba iliyobaki ubaoni, akajaribu kuingiza kidole chake kwenye kile kitanzi. Hakikuingia. Akaiweka juu ya maganda ya tini, akafuta mikono.

"Za Krismasi nitazifunga bila kitanzi, kama za dukani," akasema, bila hasira hata kidogo. "Hapo hutapata taabu tena."