Haraka ya Nduwayezu

Reverien alianguka Agosti ya mwaka 1996, akitundika mzinga wa nyuki juu ya mti mrefu, kwenye pori la Kumsenga. Tawi lilikatika, akatangulia kichwa. Kaka yake Nduwayezu, aliyekuwa chini ameshika kamba, alimkuta yu macho, analitukana lile tawi. Akampa maji. Reverien alishika kibuyu mwenyewe, akanywa, akasema miguu inamchoma kama imeingiwa na siafu.

Nduwayezu hakupoteza muda. Alimwinua, akamketisha nyuma ya baiskeli, akamfunga mgongoni pake kwa ile kamba, akashika njia ya Kibondo. Mabondeni aliteremka mbio. Vilimani alikanyaga pedeli mpaka mapaja yakawaka moto, kichwa cha mdogo wake kikimgonga begani. Watu njiani walimpisha, wakasema huyo ndiye ndugu.

Hospitalini, tabibu Athuman, mtu wa Ujiji mwenye sauti ya chini, alimgusa Reverien vidole vya mikono kwa ncha ya sindano. Hakushtuka. Akamlaza chali, akamwekea mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa, kisha akamwita Nduwayezu nje.

"Alipoanguka, mikono ilikuwa inafanya kazi?"

"Alishika kibuyu mwenyewe, akanywa."

"Umemletaje?"

"Kwa baiskeli, nimemfunga mgongoni. Sikupumzika hata mara moja, daktari."

"Huyu ni wa kumi na moja kuvunjika shingo mwaka huu," alisema Athuman. "Sita wameanguka mitini, watatu wameteleza na mizigo ya kuni kichwani, wawili wametupwa na lori. Karibu wote wanaletwa hivi hivi, mgongoni au kwenye baiskeli. Mfupa uliovunjika ukitikiswa, unaukata uti wa mgongo. Wawili tu walikuja wamelazwa kwenye ubao, kichwa kimeshikwa kisicheze. Hao wanatembea."

Nduwayezu akasema, "Mama asiambiwe."

"Hilo ni lako kusema, si langu."

Reverien aliishi siku arobaini na moja. Vidonda vya mgongoni vilimla, kisha mapafu yakashindwa. Mama yao, Immakulata, ndiye aliyekuwa akimlisha uji kwa kijiko, na baada ya mazishi alimwambia kila aliyekuja kutoa pole, "Nduwayezu alifanya la kufanya. Bila yeye mwanangu angefia porini." Nduwayezu akisikia hivyo hutoka nje, akajifanya anatafuta mbuzi.

Mwaka uliofuata, siku ya gulio, Abbasi, mnunuzi wa maharage kutoka Kibondo mjini, aliteleza juu ya magunia kwenye lori akaanguka chini. Watu wakamkimbilia wamnyanyue. Nduwayezu akawahi, akapiga magoti, akakishika kile kichwa kwa mikono miwili.

"Asiguswe! Leteni mlango tumlaze!"

"Una wazimu?" Hamis, dereva wa lori, alimvuta shati mpaka likachanika. "Mtu anakufa, wewe unataka mlango? Mpakieni!"

"Mimi mdogo wangu nilimpakia!" Nduwayezu alipaza sauti. "Alikuwa anashika kibuyu! Nikamkimbiza kwa baiskeli, nikamkata uti njiani. Mimi ndiye niliyemuua. Leteni mlango!"

Immakulata alikuwa hatua chache tu, nyuma ya fungu lake la mihogo. Alisimama, akavua kitenge alichojitanda, akakikunja, akakibana ubavuni mwa kichwa cha Abbasi. Hakumtazama mwanawe.

Mlango wa duka moja uling'olewa. Abbasi alilazwa hospitalini wiki nane, akatoka anatembea, ingawa mkono mmoja haukurudiwa na nguvu.

Nyumbani, Immakulata alikaa siku tatu bila kusema na mwanawe. Alimwekea chakula, akaondoka. Siku ya nne, wakipalilia maharage, alisimamisha jembe.

"Mwana wanje, yule mwanangu, njiani alisema nini?"

Nduwayezu alitamani kudanganya. "Alisema shingo inamuuma, tupumzike kidogo."

"Nawe?"

"Nikamwambia avumilie, tumekaribia."

Immakulata aliketi juu ya tuta, akajifunika uso kwa mikono yenye udongo, akalia kwa sauti ambayo hata msibani hakuitoa. Nduwayezu alibaki amesimama na jembe lake, hajui kama anaruhusiwa kumsogelea.