Sumu Imeondolewa

Wewe ulipita pale mferejini ukaziba pua, ukakaza mwendo. Nilikuona. Na mwaka ule mbuzi wa jirani walipokunywa maji yale wakaanguka, ulipita vilevile.

Shangazi yangu alikuwa akimenya muhogo katika kiwanda cha chakula cha samaki. Muhogo mchungu, ule wenye sumu. Unamenywa, unalowekwa kwenye matangi, unakaushwa, unasagwa, unachanganywa na dagaa na mashudu. Kazi ile aliipenda.

"Samaki wa siku hizi wanakula muhogo," aliwatania wenzake, visu vikienda. "Kesho watadai na chai!"

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bwawa la perege alilochimba na marehemu mumewe. Maji yake yalitoka kwenye mfereji uleule unaopita kiwandani. Hakujaliwa mtoto. Kila jioni aligonga sufuria ukingoni, perege wakaja juu, naye akawaita wanangu.

Kiwanda kikaongeza matangi. Asubuhi moja aligonga, hakuja hata mmoja. Walikuwa wameelea bwawa zima, matumbo juu, na maji yananuka kama matangi ya kazini kwake.

Tukaenda kwa msimamizi, tunayemwita Kipaza kwa jinsi anavyobwata.

"Mama, chakula chetu ni salama! Sumu tumeiondoa yote!"

"Mmeiondoa," shangazi akasema. "Mkaipeleka wapi, baba?"

Kipaza akatazama matangi. Akatazama koki ya kumwagia maji. Sauti ikamshuka.

"Inabaki kwenye maji, mama. Maji tunayamwaga."

"Kwenye mfereji wangu."

"Mfereji ni wa wote."

"Basi mnatuua wote."

Wamenyaji wenzake wakainamia visu vyao. Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba atairudia, akaiweka juu ya rundo la maganda, maganda ya muhogo alioumenya kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni ile nilisikia sufuria. Alikuwa ukingoni, anagonga polepole, anayaita maji matupu. Mpaka leo anagonga. Ukipita utamsikia, kama hutaziba na masikio.

Mteremkoni, chini ya bwawa lake, kuna kisima. Wanao wanateka hapo. Koki inafunguliwa jioni hii tena. Chukua jembe, njoo tuuzibe mfereji chini ya ukuta wa kiwanda, maji yao yawarudie uani kwao. Usiniambie kesho. Inuka!