Kurumbiza wa Usoke

Mimi sina subira, nalijua hilo. Hata mume wangu Leodgar husema nikikaa kitako kiti kinaungua. Basi msinishangae kwamba Ijumaa ile alfajiri nilitoka nje bila viatu, kanga moja begani, nikasimama uani kwa watu nikimtafuta ndege kichakani.

Nilikuwa Usoke, kwa mama mmoja anayeitwa Dafrosa. Akina mama wa kanisa walikuwa na mkutano wa siku tatu na kwaya yetu ya Ipole ilialikwa, nami nikapangiwa kulala kwake. Kusema kweli safari haikuwa yangu. Aliyepaswa kwenda ni Agnetha, akavimba mguu, wakanitia mimi Jumatano jioni. Leodgar hakujua. Alikuwa ameshaondoka Jumatatu kwenda kambi ya asali porini, wiki mbili kama kawaida yake, na huko hakuna mtandao.

Sasa nikiwa bado kitandani, kunaanza kupambazuka, nikasikia mluzi wa mume wangu nje ya dirisha.

Kwetu warina asali wana desturi yao. Wanasema waliirithi kwa mababu wapagazi, waliopita njia hizi na mizigo kichwani kwenda pwani na kurudi: ukikaribia kambi au nyumbani unapiga mluzi, ili wanawake wabandike maji ya ugali. Kila mwanaume ana wake. Mke naye huitikia kwa sauti ya kooni, yake mwenyewe, maana yake nimekusikia, maji yako motoni. Mwanamke hapigi mluzi. Ukithubutu utaambiwa unaita nyoka. Mluzi wa Leodgar una sauti nne, na ya tatu inakwaruza. Mwaka juzi alianguka akitundika mzinga, jino la mbele likang'oka, na tangu hapo sauti ya tatu inavuja upepo. Ningeutambua hata katikati ya soko la Tabora siku ya sikukuu.

Ndio niliousikia, mkwaruzo na vyote. Nikatoka mbio. Leodgar hayupo. Aliyekuwepo ni kurumbiza, kifua rangi ya chungwa, mstari mweupe juu ya jicho, kajikalia kichakani nyuma ya bafu. Akanitazama, akarudia. Sauti nne, ya tatu inakwaruza.

Mwingine angecheka akarudi kulala. Lakini mimi ni binti wa mrina asali, na baba alinifundisha ndege kabla sijajua kusoma. Kurumbiza hazaliwi na wimbo kamili. Kinda hukaa kimya akisikiliza, halafu hubwabwaja peke yake majanini, vipandevipande, kama mtoto anayejifunza kusema, na kila siku anaunyoosha mpaka unakaa. Huuchukua kwa baba yake na kwa majirani. Akiishi karibu na watu huchukua na vya watu, ila kwa kusikia mara nyingi, wala haachi kosa. Ukimwimbia vibaya naye anaimba vibaya vilevile. Na akishaupata anautumia: anawaambia madume wengine hapa ni kwangu msisogee, na jike lake linamwitikia ili wajue wako wawili. Baba alikuwa akisema, ukitaka kujua nani hupita mahali, msikilize kurumbiza wa hapo.

Leodgar aliniambia Usoke hufika mara moja kwa mwaka, anateremsha ndoo za asali kwa mfanyabiashara, anageuza. Na jino limetoka mwaka juzi. Huyu ndege angejifunzia wapi?

Kisha jike likaitikia. Sauti fupi inayopanda, inakatika, na mwishoni kicheko kidogo. Halikuwa itikio langu. Langu ni refu na linashuka, miaka kumi na tisa sasa. Nikashika ukuta wa bafu.

"Mwangaluka," Dafrosa akanisalimia kutoka mlangoni. "Mbona mapema? Hukulala?"

"Nimelala vizuri sana," nikasema.

Nilishindwa kumuuliza. Nitaanzia wapi, mgeni wa jana, kuuliza habari za mume wangu kwa mtu nisiyemjua? Nikanywa chai ikaniunguza ulimi. Kanisani nikaingia ubeti wa pili wakati wenzangu wako kwenye kiitikio, na mwalimu wetu Valentino akanikodolea macho. Nilipokosea mara ya tatu niliweka kitabu kwenye benchi nikatoka, watu wote wanatazama. Waache watazame.

Nyuma ya kile kichaka kulikuwa na nyumba ya bati, uzio wa mabua. Nikasimama nje ya uzio. Nilijua kabisa ninachotaka kufanya, nikajiambia Eustadia wee, geuka, rudi kanisani. Sikugeuka. Nikakunja midomo. Utotoni niliiba mluzi kwa kaka zangu na mama akanichapa kwa ajili yake, lakini haukunitoka. Nilipiga sauti nne, na ya tatu nikaegemeza ulimi pembeni ili ikwaruze.

Ndani mwanamke akaitikia. Fupi, inapanda, inakatika, na kile kicheko. Kisha nikasikia mlio wa sufuria ikiwekwa juu ya mafiga.

Akatoka akifuta mikono kwenye kanga, msichana tu, hajafika thelathini, mtoto mgongoni. Tabasamu lilikuwa limeshamjaa usoni. Aliponiona likabaki hapohapo, halijui liende wapi.

"Shikamoo," akasema. "Nimesikia... nilidhani ni mume wangu."

"Marahaba. Nilidhani hivyohivyo."

Mkono wangu uliwasha. Nilitaka kumpiga kofi, sifichi. Lakini mtoto akageuza kichwa, nikaona paji la uso la Leodgar, lile pana lenye mkunjo katikati, na mkono ukashuka wenyewe.

"Mimi ni mke wa Leodgar wa Ipole," nikasema.

Alikaa chini palepale kwenye vumbi. Alinitazama miguu kwanza, nadhani alikuwa anahakikisha inagusa ardhi.

"Aliniambia mkewe alifariki," akasema polepole. "Aliumwa na nyuki."

Mimi. Binti wa mrina asali, niliyeshika masega nikiwa na miaka sita, niuawe na nyuki. Hilo liliniuma kuliko mengine yote, na hadi leo sijui kwa nini.

Jina lake Leonia. Alilia, mimi sikulia, nilikuwa nazunguka ua ule kama naupima. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani, ili tu niseme kitu. Akamvuta mtoto mbele, akamfunika na kanga.

"Eustadia," akasema. "Baba yake ndiye aliyetaka. Alisema ni jina la marehemu, lisipotee."

Hapo nami nikakaa chini. Ugali ulipoiva tulikula wote wawili kutoka sinia moja. Akaniambia Leodgar atakuja kesho Jumamosi, ndiyo siku yake. Sikurudi kanisani. Leonia alikuwa na gunia la karanga za mbegu, nikamwambia alilete, nikamenya mpaka vidole vikachubuka, na Jumamosi nikaanza tena tangu asubuhi. Nisingeweza kukaa na mikono mitupu katika nyumba ile.

Alasiri mluzi ukasikika kutoka njiani. Sauti nne.

Leonia alifungua kinywa kwa mazoea. Nikamshika mkono, akakifunga. Tukabaki kimya, na ule ukimya ulikuwa mrefu mno, nikaanza kuogopa kwamba atashtuka, atageuka, ataondoka zake na mimi nitabaki na karanga. Ndipo jike la kurumbiza likaitikia kichakani, fupi, inapanda, inakatika, na kicheko mwishoni.

Leodgar akacheka huko nje. Nikasikia viatu vyake vinaongeza mwendo. Aliingia ameinama kwenye mlango wa uzio, ndoo ya asali mkononi, akainua uso akiwa bado anacheka, akaniona.

"Eustadia," akasema.

"Eustadia mdogo amelala," nikamwambia. "Mimi ni yule marehemu. Weka ndoo chini, ukae, unieleze nilivyokufa."